Kiroba Nilichosema ni cha Kuku

Mama yangu alikuwa hali mpaka paka ale kwanza. Sijui nilieleze vipi jambo hili lisionekane la kuchekesha, maana nyumbani kwetu halikuwa la kuchekesha hata siku moja. Baba alipofariki, kumbukumbu za mama zilianza kumtoka kidogo kidogo, na kila mlo ukawa unakwenda vilevile. Namwekea sahani. Anakata tonge, analichovya kwenye mchuzi, analishusha chini ya meza, na paka analila mkononi mwake. Mama anamwangalia mpaka ameze. Kisha anasema "ndaga", ambayo kwetu Wanyakyusa ni asante, na ndipo naye anaanza kula.

Bila paka, hakipiti kitu mdomoni mwake. Nasema hivyo kwa sababu yalishanikuta. Mwaka juzi paka alitoweka siku tatu kwa shughuli zake za kipaka. Nilimbembeleza mama kwa uji, kwa wali, kwa ndizi za kuponda. Nilikaa mbele yake na kijiko nikimwambia, "Mama, fungua mdomo," mpaka machozi yakanitoka mimi. Alibana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Paka aliporudi, sikio limechanika, nilimpa samaki mzima wa kukaanga na nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa kiasi kwamba jirani alidhani nimepata mchumba.

Sitajidai kwamba nilimpenda paka yule. Alikuwa wa rangi ya majivu, ana dharau, na alinitazama kana kwamba mimi ni msichana wake wa kazi. Lakini mama alipokula na paka, mimi nilipata nusu saa yangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Madaftari hayaishi, maji ya bomba yanakuja kwa zamu, nguo zimelowekwa zinasubiri kufuliwa. Kwa hiyo nilikuwa naweka sahani mezani, nageuka, naenda zangu. Kutoka chumba cha pili nilikuwa naisikia ile "ndaga", nikajua mambo yako sawa.

Mwezi wa saba ikaja barua ya uhamisho: kutoka Mbeya kwenda Mafinga, kuripoti Jumatatu. Jambo la kwanza nililowaza halikuwa shule wala nyumba ya kupanga. Niliwaza nitamfikishaje paka.

Mtaa mzima ulikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja. Paka hahamishwi akiwa anaona njia. Unamtia kwenye kiroba, unafunga, unatoboa vitundu vya hewa, na hafunguliwi mpaka mfike. Mkifika unampaka mafuta ya kula miguuni. Akimaliza kujilamba ameshasahau kwao. Mimi nafundisha sayansi. Nilicheka, kisha nikaenda kukifua kiroba cheupe cha unga na kukianika. Jirani akaniongezea robo ya kidonge cha mafua, kile kinacholeta usingizi, nimfichie kwenye dagaa.

Usafiri nilikuwa nimeupata. Malori ya Mafinga hushusha mbao Mbeya na kurudi matupu, na watu wanaohama huyavizia hayo. Dereva niliyempata alikuwa mtu mzima, mtaratibu, wa kuaminika. Tatizo lake lilikuwa moja.

"Mwalimu, mimi nabeba kila kitu," aliniambia alipokuja kuangalia mzigo. "Kabati, mbuzi, hata jeneza nimeshabeba. Paka sibebi."

"Kwa nini, kaka yangu?"

"Sibebi tu."

Hakutaka kueleza na mimi sikutaka kubishana, kwa kuwa hakukuwa na gari jingine la kunifikisha kabla ya Jumatatu. Nilimwambia sawa. Siku ya safari, Jumapili alfajiri, alinikuta nimekumbatia kiroba kifuani.

"Humo kuna nini?"

"Kuku."

"Jogoo au tetea?"

"Jogoo," nikasema, na nikaona aibu kwa jinsi uongo ulivyonitoka laini. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka nyuma juu ya godoro, akakifunga kamba kwa uangalifu kuliko alivyofunga kabati langu la vyombo. Paka hakutikisika. Kidonge kilikuwa kimeshika.

Tulikaa mbele watatu, mama katikati. Tulipoiacha Uyole akaniuliza kwa Kinyakyusa paka yuko wapi. Nikamjibu kwa Kinyakyusa kwamba yuko nyuma amelala, nikimwomba Mungu dereva awe wa kabila lolote jingine. Baada ya muda akauliza tena, na tena. Tuliposimama Igurusi kunywa chai, nilimpa andazi. Akamega kipande, akainama akatazama miguuni kwake, kulia, kushoto. Akakirudisha kile kipande juu ya andazi na kulifunika kwa leso. Nilijiambia hayo ni masaa machache tu. Saa nane tutakuwa Mafinga, nitafungua kiroba, atakula.

Chimala alipanda abiria mmoja, mama wa Kibena mwenye kitenge kipya na kilemba kilichofungwa kwa nguvu. Tulibanana wanne. Alitusalimia wote "kamwene" kwa zamu, akamshika mama yangu mikono, na kabla hatujayapita mashamba ya mpunga ya pembeni mwa barabara nilikuwa naijua habari yake yote. Analima huku Usangu, lakini kanisa lake liko kwao, kijiji kimoja kabla ya kufika Makambako, na leo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Msimu uliopita maji yalikatika na mpunga wake ukakauka, akamwahidi Mungu kwamba akivuna tena atampelekea jogoo wake mkubwa, mwekundu, asiyeuzika. Kavuna. Jogoo huyo alikuwa nyuma, kwenye kiroba cheupe cha unga, dereva amemfunga kando ya kiroba changu.

"Na wewe mwalimu una jogoo?" akaniuliza, maana dereva alikuwa ameshamwambia.

"Ninaye."

"Mungu akubariki," akasema. Nikatazama nje.

Tulipofika kijijini kwake ibada ilikuwa imeshaanza. Kwaya ilisikika hadi barabarani. Alishuka anahema kwa haraka. Dereva alizunguka nyuma kumpa mzigo wake, na mimi sikushuka kwa sababu mama alikuwa ameegemea bega langu na sikutaka kumwamsha. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona yule mama akikimbia kuelekea kanisani, kiroba kifuani, sandali zinapiga vumbi. Nilifurahi kwa ajili yake.

Makambako dereva aliegesha uwanja wa malori, akasema tupumzike nusu saa. Nilipanda nyuma na chupa ya maji nimpe paka kwa kizibo. Kiroba kilikuwa kinatikisika. Nikasema afadhali, ameamka. Nikalegeza kamba kidogo, na kichwa kikatoka. Kilikuwa na undu.

Nilikaa juu ya godoro langu mbele ya yule jogoo. Nilijua palepale. Dereva alikuwa amekuta viroba viwili vya kuku, akampa mwenyewe kimojawapo, na angefanya nini kingine? Mimi ndiye niliyemwambia ni kuku. Paka wa mama yangu alikuwa madhabahuni.

Nilishuka nikamweleza dereva ukweli wote, hadi kidonge. Sikuwa na namna ya kuusema vizuri. Nilimwambia mama hali bila yule paka, kwamba hajala tangu jana jioni, kwamba siku ya tatu hasimami, na kwamba namwomba, tena kwa magoti kama anataka, tugeuze gari. Nadhani nilikuwa nimeshapiga goti moja, maana alinishika mkono akaninyanyua.

"Ungeniambia nikakukatalia," alisema polepole, "ungetafuta njia nyingine mapema. Sasa ona." Akatazama barabara, akatazama saa. "Gari sigeuzi, mwalimu. Kuna mbao zinanisubiri Mafinga na zamu ikipita imepita. Chukua bodaboda. Saa saba kamili nawasha."

"Na mama?"

"Bibi nitakaa naye. Mimi nitamla?"

Mama yangu siku hizo ukimgeuzia kisogo anaondoka. Mbeya tulishamfuata hadi relini. Na nilimwacha na mtu niliyemfahamu tangu juzi, niliyekuwa nimemdanganya tangu alfajiri. Nilipanda bodaboda nimempakata jogoo, nikalia njia nzima, na upepo wa Makambako wa mwezi wa saba ukayakausha machozi kabla hayajafika kidevuni.

Kanisa lilikuwa limejaa. Nilisimama mlangoni pamoja na waliochelewa, kiroba mkononi, na hakuna aliyenishangaa: kila mtu alikuwa na kiroba. Wenzetu Walutheri wana utaratibu wao wa mavuno. Unaleta ulichovuna mbele, mahindi, maharage, maboga, kuku, na baada ya ibada vinanadiwa nje na mzee wa kanisa, ili fedha ziingie kwenye ujenzi. Madhabahu ilikuwa imezungukwa na mavuno. Na viroba vyeupe vilikuwa zaidi ya ishirini, vimepangwa mstari, vyote vya unga, vyote vimefuliwa. Nilijaribu kumtafuta yule mama kwa kilemba chake. Alikuwa benchi la tatu, ameinua uso, anaimba kwa furaha niliyoshindwa kuitazama.

Ningepita vipi? Ningesema nini? Mchungaji akasema tuombe, watu wote wakainama, na ndani ya ukimya ule paka wa mama yangu akaamka.

Alilia mara moja, ule mlio mrefu wa kulalamika aliokuwa akinililia mimi nikichelewesha chakula. Mchungaji akanyamaza. Paka akalia tena, na kiroba kimoja kikaanguka ubavu, kikaanza kujiviringisha kwenye ngazi za madhabahu. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Mzee wa kanisa, mtu jasiri, akakiwahi na kukata kamba kwa kisu cha kukatia maboga. Nilifungua mdomo kumwambia asikifungue. Nilichelewa.

Paka alitoka kama aliyerushwa. Alipita juu ya mahindi, akapanda kitambaa cha madhabahu, akaona mwanga wa mlango, akaja moja kwa moja kwangu. Nilipiga magoti na kutandaza mikono. Alinigusa kiganja kwa ubavu wake, naukumbuka ule ubavu, nikaukosa. Nilipogeuka alikuwa ameshavuka uwanja na kuingia kwenye shamba la mahindi makavu.

Nilimkimbilia. Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa: nilimkimbilia paka, na nyuma yangu nikasikia mtu akiuliza kwa sauti, "Nani kaleta hiki kiroba?" na mwingine akajibu, na jina la yule mama likaanza kutajwa toka benchi hadi benchi. Mtu anayeleta paka kwenye kiroba kilichofungwa hadi madhabahuni, kwetu Nyanda za Juu huku, hadhaniwi amekosea kiroba; anadhaniwa mchawi. Nililijua hilo na bado nilikimbia. Nilipasua mahindi yale nikiita "pss pss" kama kichaa, majani yananichana uso, nikafika mwisho wa shamba, na mbele yake kulikuwa na miti ya mbao, mistari na mistari ya misonobari, chini giza. Hapo nikasimama.

Niliporudi, yule mama alikuwa amesimama peke yake katikati ya kanisa. Waliokuwa benchi lake walikuwa wamesogea. Hakuwa analia, alikuwa anarudia, "Nilileta jogoo. Mungu anajua nilileta jogoo." Nilipita katikati ya watu wote hao na mabua kichwani, nikaweka kiroba miguuni pake na kukifungua. Jogoo akatoka, akajikung'uta, akawika hapohapo. Hakuna aliyecheka.

Nikawaambia paka ni wangu. Nikawaambia nilidanganya kwamba ni kuku, dereva akaamini, viroba vikabadilishana, na mama huyu hana kosa lolote.  Mchungaji akasema, "Basi tumpokee jogoo." Wakampokea.

Yule mama alinifuata nje. Nilitaka anifokee. Nilihitaji mtu anifokee.

"Ungesema tu, mwanangu," aliniambia. "Kule garini, tumebanana vile. Ungesema tu ni paka, ningempakata mimi."

Akavua sandali, akaingia shambani kunisaidia kutafuta. Wanawake wengine wawili watatu wakaja. Tulitafuta hadi yule wa bodaboda akaanza kupiga honi. Saa sita na nusu niliondoka mikono mitupu, na sikuweza kugeuka nyuma kutazama ile miti.

Njiani nilikuwa nahesabu siku. Leo ya kwanza. Kesho ya pili nikiwa naripoti kazini. Keshokutwa hatasimama. Nilimwona hospitalini, mpira puani, mikono imefungwa kitandani asiuchomoe, na mimi ndiye niliyesema jogoo. Niliwaza kutafuta paka mwingine wa majivu. Niliwaza kujifungia naye ndani. Sikuwa na wazo hata moja lililokuwa na mwisho mzuri.

Uwanjani lori halikuwepo.

Nilizunguka pale nilipoliacha kana kwamba lingeweza kuwa chini ya jiwe. Sijui niliita nini, ila fundi wa matairi aliinuka akanielekeza kwa mkono: lilikuwa limesogezwa upande wa pili, kwenye kivuli, nyuma ya kibanda cha mama ntilie. Nilikimbia huko. Mlango wa abiria ulikuwa wazi. Dereva alikuwa ameketi kwenye ndoo chini, mama amekaa kwenye ngazi ya gari, na kati yao palikuwa na sinia la ugali na mboga ya majani, ugali umebaki robo. Mama alikuwa anatafuna.

 Nilisimama kando ya tairi nikatazama. Mama alikata tonge, akalichovya, akalinyoosha. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, akafungua mdomo. Mama akamwangalia mpaka akameza.

"Ndaga," akasema, akakata la kwake.

Dereva akaniona, akaona aibu kidogo, akafuta midomo. "Nilikuwa nakula zangu," alisema kama anayejitetea. "Bibi akachukua tonge kwenye sinia langu akanipa. Sasa mama akikupa tonge kwa mkono wake unakataaje? Nikala. Naye akala. Kumbe alikuwa na njaa sana." Kisha akakumbuka. "Paka?"

Nikatikisa kichwa. Nikaenda nyuma ya lori nikalia vizuri, bila upepo. Nililia kwa sababu mama amekula. Halafu nikalia kwa ajili ya kile kijiko. Siku tatu zile nilimwambia afungue mdomo, afungue mdomo. Mimi wangu sikuufungua hata mara moja. Na milo yote mingine niliweka sahani nikageuka, nikaenda kwenye madaftari, na katika nyumba yote aliyebaki kupokea alikuwa paka.

Yule mama wa Kibena alinipigia wiki kadhaa baadaye. Paka ameonekana kwenye ghala la kanisa, amenenepa kwa panya, hakamatiki. Kiroba akikiona tu anapanda darini.

Jioni ile ya kwanza Mafinga, baridi inaingia chini ya mlango, makabati bado yamefungwa kamba, nilipika ugali kwenye jiko la mkaa na kumwekea mama. Madaftari hayakuwepo. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake. Alikata tonge, akalichovya, akainama. Akatafuta chini ya kiti, akatafuta nyuma ya godoro kwa macho. Kisha akaniona mimi, nimefungua mdomo, na akanitazama kwa muda mrefu sana.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akaniuliza.

Sikuufunga mdomo. Akanipa tonge hivyohivyo, akanisubiri. Nikameza, na ndipo naye akala.